Upo chuo Mbeya au Iringa na unataka kwenda kusoma nje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamwene, mwagonile, habari za huko mliko. Haya ni maswali ya wanafunzi wa vyuo vya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, MUST pale Iyunga, Mzumbe kampasi ya Mbeya, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na kwingine. Wengi wao wameshaanza chuo, wengine wameshahama chuo mara moja kabisa, na shida ni kwamba taarifa nyingi za kusoma nje zimeandikwa kwa ajili ya kijana aliyetoka fomu siksi jana. We ambae umeshasoma mwaka au miwili kuna kitu unacho tayari, ile miaka uliyolipia ada na kufanyia mitihani, na karibu kila jibu hapa chini linahusu namna ya kuhakikisha hiyo miaka haipotei.

Nipo mwaka wa pili, naweza kuhamia chuo cha nje moja kwa moja au lazima nianze upya?

Inawezekana, ila kuna njia mbili na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni kuhama mazima, unaacha chuo cha hapa, unaingia cha kule na krediti zako, na degree unapewa na chuo cha kule. Ya pili ni eksichenji, yani unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chako, unaenda nje semista moja au mbili, matokeo yanarudishwa nyumbani na degree unaipata hapa hapa.

Ukiniuliza mimi, kama degree yako ni ya miaka mitatu na umeshafika mwaka wa pili, anza kuangalia eksichenji. Vyuo vingi vya nje havikupi degree yao mpaka usome kwao sehemu kubwa ya masomo, mfano Marekani bachela ya kawaida ni krediti 120 kwa hesabu yao na vyuo vingi vinataka angalau 30 kati ya hizo zisomwe kwao, vingine vinataka zaidi, alafu kuna masomo ya jumla ambayo huku hatuna kabisa na utatakiwa kuyasoma. Kwa hiyo mtu aliyebakiza mwaka mmoja hapa anaweza kujikuta amebakiza miwili au mitatu kule, na kwa ada ya mgeni. Ukiwa mwaka wa kwanza au unasoma uhandisi wa miaka minne hesabu inabadilika, hapo kuhama mazima kunaingia akilini.

Krediti zangu zitahesabiwaje? Nina 240, wenzangu wa Marekani wanasema wao wanamaliza na 120!

Hili ndo swali muhimu kuliko yote kwenye hii peji, tulia nalo.

Krediti ni kama gunia la viazi, gunia la kawaida na lumbesa yote yanaitwa gunia lakini ukiyaweka kwenye mzani hayafanani. Hapa Tanzania kwa utaratibu wa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na hapo inahesabiwa lekcha, semina, assainmenti mpaka kujisomea, mwaka mzima ni krediti 120, kwa hiyo degree ya miaka mitatu ni 360 na ya miaka minne ni 480. Uingereza nao ni 120 kwa mwaka. Ulaya bara wanatumia ECTS ambayo mwaka ni 60. Marekani mwaka ni kama 30 hivi. Kwa hiyo hesabu ya haraka ni kulinganisha mwaka kwa mwaka, 240 zako za miaka miwili ni kama ECTS 120 au krediti 60 za Marekani. Kozi ya krediti 8 hapa ukifika Ulaya inaonekana kama 4, Marekani inaonekana kama 2, na hapo ndo panapouma, maana kozi zao nyingi ni za krediti 3 na wanaweza kusema ya kwako haijatosha kujaza nafasi ya ya kwao.

Na hiyo ni hesabu tu. Uamuzi wenyewe wanaufanya kwa kusoma ulichofundishwa, wanataka kozi autilaini, ile karatasi yenye mada, vitabu, idadi ya saa na namna ya kupimwa. Wanafunzi wengi wanaitupa baada ya UE, ule mtihani wa mwisho wa semista. Usiitupe! Kusanya autilaini za kozi zote kuanzia semista ya kwanza, zenye nembo ya chuo kama inawezekana, na kama huna nenda idarani kaombe sasa hivi wakati mwalimu aliyekufundisha bado yupo, maana akishahamia chuo kingine au akienda masomoni kuipata ni kazi. Mtu mwenye autilaini kamili anaweza kuomba kozi iangaliwe upya pale walipokataa, ambae hana atabishana na nini?

Kitu kingine ni GPA. Sisi tunahesabu kati ya 5, Marekani wanahesabu kati ya 4. Ukiandika kwenye fomu GPA 3.8 bila kusema ni kati ya 5, mtu wa kule atadhani unakaribia kupata zote, alafu akiona transkripti anaona kama umemdanganya, wakati 3.8 yetu ni apa sekondi nzuri tu na haihitaji kupambwa. Andika 3.8/5.0 kila mahali. Na usigeuze mwenyewe kwa kalkuleta, vyuo vingi vina watu wao wa kugeuza na vingine vitakutuma kwa kampuni za tathmini kama WES.

Mimi nilishahama chuo mara moja hapa hapa nchini. Bado naweza kwenda eksichenji?

Ndio, ila wewe muda wako ni mfupi kuliko wa wenzako na lazima upange mapema zaidi. Chukua mfano wa mtu aliyetoka na diploma akaingia degree, au aliyetoka chuo kingine akapokelewa Mbeya mwaka wa pili na baadhi ya kozi zikakubaliwa na nyingine akaambiwa azirudie. Huyu akifika tu anakuwa na kozi za mwaka wake na kozi za kuziba pengo, ratiba imejaa. Akisubiri mpaka mwaka wa mwisho anakuta projekti imemkalia shingoni na nafasi ya kuondoka hakuna.

Kwa hiyo wiki za mwanzo ukishapokelewa fanya mambo haya. Pata kwa maandishi orodha ya kozi zako zilizokubaliwa na zilizobaki, yenye sahihi, sio ya mdomo. Alafu muone mkuu wa idara umuulize ni kozi zipi ni za lazima zisomwe hapa na zipi ni za kuchagua, na hizi za kuchagua usizimalize haraka, zitunze, maana ndo rahisi kuzisomea nje na zikakubaliwa, kozi ya lazima yenye mada za Tanzania kama sheria ya ardhi ya hapa nani atakufundisha Ulaya? Tatu, pigania matokeo ya semista yako ya kwanza hapo ulipohamia. Kamati ya eksichenji inaangalia matokeo ya chuo ulichopo, yale ya zamani yanasaidia lakini hawakujui kwayo, na walimu wa kukuandikia barua ya mapendekezo inabidi wawe wamekuona darasani. Kaa mbele, uliza maswali, fika ofisini, mwalimu ajue jina lako.

Na unapoomba nje weka transkripti za vyuo vyote viwili. Kuna wanaoficha ile ya chuo cha kwanza kwa sababu matokeo hayakuwa mazuri, vyuo vya Marekani hasa vinataka rekodi ya kila chuo ulichowahi kusoma na ukigundulika umeficha wanafuta admisheni hata kama umeshafika.

Nina sapu, yani mtihani wa marudio, na kozi nyingine nimekeri, nimeibeba mpaka mwaka unaofuata. Nimeshaharibu?

Hapana. Maliza sapu kwanza, hakikisha matokeo mapya yameingia kwenye mfumo, ndo uombe. Kama kulikuwa na sababu ya kweli, ugonjwa au msiba, ieleze kwa sentensi mbili kwenye barua yako na uendelee na mengine.

Semista gani ni nzuri ya kuondoka?

Kwa eksichenji ya Ulaya wengi inawafaa semista ya kwanza ya mwaka wa tatu, maana kule inaanza Septemba au Oktoba na sisi tunafungua Oktoba au Novemba, kwa hiyo unaweza kurudi semista ya pili ikiwa inaanza au imeanza kidogo. Ujerumani angalia vizuri kwa sababu mitihani yao ya semista ya baridi inaweza kufika Februari au zaidi.

Mtego ni fildi. Nyie wa Mkwawa mnajua mazoezi ya kufundisha yanaangukia likizo ndefu ya kati ya mwaka, na wahandisi wa MUST mna PT, mafunzo ya vitendo, kipindi hicho hicho, sasa kama chuo cha nje kinakutaka Agosti mwishoni na we bado una supavaiza anayekuja kukukagua Ludewa au Chunya, kuna shida. Ongea na mratibu wa fildi mapema, omba uanze mapema au ukamilishe mwaka mwingine, na ukikubaliwa ipate kwa barua. Marekani wanaanza Agosti na Januari. Afrika Kusini mwaka wao unaanza mwanzoni mwa mwaka, mtu wa kuhama kutoka hapa anaweza kukaa miezi kadhaa bila darasa, panga utafanya nini hiyo miezi.

Eksichenji naipataje? Chuo kwetu sijawahi kusikia.

Nenda ofisi inayoshughulika na ushirikiano wa kimataifa, jina linatofautiana chuo na chuo, uliza swali moja tu, chuo chetu kina makubaliano na vyuo gani vya nje kwa idara yangu? Eksichenji haiombwi na mtu mmoja mmoja kutoka mtaani, inapita kwenye mkataba wa vyuo viwili. Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, ndo inayojulikana zaidi, kwenye hiyo hulipi ada kule unakokwenda, unapewa posho ya kuishi na mchango wa nauli, na unaweza kukaa kuanzia miezi miwili mpaka 12. Kabla hujaondoka mnasaini makubaliano ya masomo pande tatu, wewe, chuo chako na chuo cha kule, yanayoonesha utasoma kozi zipi na zitahesabika kama zipi ukirudi. Bila hiyo karatasi usipande basi hata la kwenda Dar. Na ukifika kule kozi ikabadilika, maana hutokea kozi imefutwa, sainini upya ndani ya wiki zile zile.

Nafasi nyingine zinatangazwa kwenye ubao wa idara kwa siku chache tu na zinapita kimya, hii inaniuma sana kwa kweli, nafasi zipo na wanafunzi wetu hawazioni.

Nchi gani inafaa kwa mtu wa kuhama?

Marekani ndo mfumo umezoea wanafunzi wa kuhama kuliko wote, wana vyuo vya jamii vya miaka miwili ambavyo wanafunzi wao wenyewe huanzia huko kisha wanahamia vyuo vikuu. Lakini ufadhili kwa mgeni anayehama ni mdogo kuliko wa anayeanza mwaka wa kwanza, na mwishoni mwa 2025 serikali yao ilitangaza vizuizi vya viza kwa nchi kadhaa na Tanzania imo, zikiwemo viza za F za masomo na za J za eksichenji. Kabla ya kulipa senti yoyote angalia tovuti ya ubalozi wao hali ikoje siku hiyo, maana gharama sio ndogo, ada ya viza dola 185 na ile ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, kwa viza ya F dola 350, na hizo hazirudi.

Uingereza unaomba kuingia mwaka wa pili moja kwa moja, inategemea kozi zako zinafanana kiasi gani. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni euro 1,500 kwa semista, na pia lazima uoneshe pesa ya kuishi, kiwango kilichowekwa ni euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti maalumu, na bachela nyingi ni kwa Kijerumani.

Na jamani mbona watu wa Mbeya mnaruka majirani? Mzuzu kule Malawi ni karibu kuliko Dar, unapita Kyela unavuka Kasumulu. Zambia ipo pale Tunduma, reli ya TAZARA inapita hapa Mbeya inakwenda mpaka Kapiri Mposhi, na kuna vyuo vikubwa Lusaka na Kitwe. Itifaki ya elimu ya SADC ya 1997 inasema vyuo vya nchi wanachama vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC na kwamba watozwe ada kama wenyeji. Utekelezaji unatofautiana, ila uliza wazi, andika kwenye barua pepe kwamba we ni raia wa nchi ya SADC unataka kujua ada yako. Nje sio lazima kuwe na theluji.

Mkopo wa bodi unakuwaje?

Ukihama mazima, bumu linaishia hapa na uliyokwisha kupokea yanabaki deni lako, utayarejesha. Ukienda eksichenji we bado mwanafunzi wa hapa, lakini kuna ishu ya kusaini, pesa inatoka kwa awamu na inataka usaini, sasa we uko Finland. Muone afisa mikopo wa chuo kabla ya kuondoka umueleze, aandike, akuambie utaratibu. Usimwachie rafiki akusainie, hilo ni kosa linaloweza kukufukuzisha.

TCU wanahusikaje kama naenda kusoma nje?

Kwa kuhama mazima wanahusika sana. Wanatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, watu wanakiita NOC, na faida yake kubwa ni kwamba unajua mapema kama chuo na kozi unayokwenda inatambulika. Ukirudi na degree ya nje utahitaji itambuliwe na TCU ndo waajiri wengi waikubali. Kama unasomea udaktari, uhandisi, uanasheria na kazi zingine zenye bodi, ongea na bodi ya taaluma yako kabla, wao wana masharti yao juu ya hayo ya TCU. Mwanasheria hasa, unakwenda nchi yenye mfumo wa sheria tofauti kabisa, ukirudi Law School watakuuliza.

Wazazi wangu ni wakulima, benki steitimenti ya kuonesha ubalozini naitoa wapi?

Hili linawatesa wengi na halijibiwi popote, kwa hiyo nitalisema kwa urefu. Balozi zinapenda kuona pesa inayoingia kila mwezi, mshahara. Mzee wa Mbozi anayeuza kahawa, mama wa Kyela au Mbarali mwenye mpunga, baba wa Rungwe au Njombe mwenye parachichi, mwenye miti Mufindi, hawa pesa inaingia kwa msimu, mara moja kubwa, alafu akaunti inakauka miezi mingi. Afisa wa viza akiona milioni nyingi zimeingia wiki moja kabla ya maombi anahisi umekopa ili uoneshe.

Kwa hiyo anza msimu mmoja kabla. Pesa ya mauzo ipite benki badala ya mkononi, hata kama itatolewa baadae. Tunza risiti za chama cha ushirika au AMCOS, stakabadhi za mnunuzi, mkataba kama kampuni inanunua parachichi. Omba barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayoeleza mzazi ana shamba la ukubwa gani na analima nini, na hati ya kimila ya ardhi kama ipo. Alafu andika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza msimu, kwamba mavuno ni miezi hii, mauzo miezi hii, ndo maana pesa inaonekana hivi. Itafsiriwe vizuri. Uingereza wanataka pesa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, kwa hiyo mzazi asije akaitoa kununua mbolea siku ya 20.

Na usiuze shamba. Nasema hivi nikimaanisha. Ng'ombe anaweza kununuliwa tena, shamba la ukoo likishauzwa wadogo zako watalima wapi, na viza bado inaweza kukataliwa.

Pasipoti na safari za Dar zikoje?

Pasipoti unajaza maombi mtandaoni, unahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, gharama ni shilingi 150,000, na uhamiaji mkoa wapo Mbeya na Iringa kote, huna haja ya kwenda Dar. Kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha fomu foo halifanani hata herufi moja, Mwakyusa na Mwakiusa, rekebisha hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Balozi nyingi zipo Dar na Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 800. Usipange kufika asubuhi ya intavyuu ukiwa umetoka na basi la usiku, mlima Kitonga kukiwa na lori limelala barabarani ndo basi tena. Fika siku moja kabla, na ukiwa Dar maliza vyote kwa safari moja, mtihani wa Kiingereza, uhakiki wa vyeti, na kipimo cha kifua kikuu kama ni Uingereza kwa zaidi ya miezi 6.

Lazima nifanye IELTS wakati nimesoma chuo kwa Kiingereza?

Sio vyuo vyote. Omba kwa msajili barua inayosema umefundishwa kwa Kiingereza, itume, uwaulize kama inatosha. Wakikataa ndo ulipe mtihani, na usiufanye mapema sana maana matokeo yanatumika miaka miwili tu.

Kuna wakala Mwanjelwa anasema kwa milioni mbili ananihamisha na krediti zote.

Hakuna mtu anayeweza kuahidi krediti zote, hata chuo chenyewe hakiahidi kabla ya kusoma autilaini zako. Wakala wa kupeleka wanafunzi nje anatakiwa awe amesajiliwa na TCU, muombe namba ya usajili na uihakiki kwa TCU wenyewe. Ada ya chuo unalipa kwenye akaunti ya chuo, sio kwa namba ya simu ya mtu. Na pasipoti yako usimuachie.

Baridi nitaiweza?

Mtu wa Makete au Uwemba ananiuliza hilo swali? Baridi utaiweza, nyumba zao zina joto ndani kuliko hosteli zetu mwezi wa saba. Kinachowasumbua wengi ni giza, huko kaskazini mwa Ulaya mwezi Desemba jua linazama saa tisa alasiri na upweke unaingia. Jiunge na watu, kanisa au msikiti, chama cha Waafrika chuoni, jiko la pamoja, na piga simu nyumbani siku maalumu ya wiki ili wazazi wasikae roho juu.

Nikinyimwa viza, nafasi yangu ya chuo hapa nitakuwa nimeipoteza?

Inategemea uliondokaje. Barua ya kuacha chuo iandike ya mwisho kabisa, viza ikiwa tayari ndani ya pasipoti. Kabla ya hapo endelea kusoma na kufanya testi kama kawaida, na kama tarehe zinagongana omba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, vyuo vyetu vinaruhusu ukifuata utaratibu na ukawa na sababu, na ukiomba kabla ya dirisha kufungwa. Viza ikikataliwa soma barua ya kukataliwa neno kwa neno, iwe ni pesa, au hujaeleza kwa nini unahama katikati ya degree, rekebisha hicho walichokitaja, andikia chuo cha nje uwaombe wasogeze admisheni yako semista inayofuata, alafu rudi darasani.